Aliya Atatolewa Gofu

gofuni, Muhuta
11 Februari 2024

Dada Salima,

Asalaam aleikum. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu umenifungia WhatsApp tangu siku ile ya kugawana vitu vya mama, na nikipiga simu ya kawaida anapokea shemeji Shafii, ananiambia uko jikoni. Hakuna mwanamke anayekaa jikoni mwaka mzima. Barua hii nimempa Hamidou, yule wa lori la mawese, nikamwambia akukabidhi wewe mkononi.

Tumehama Bujumbura. Gereji aliyokuwa shemeji yako Ayubu imefungwa, magari hayana mafuta, nani atatengeneza gari lisilotembea? Mungu si Athumani, amepata kazi huku Muhuta, kwenye ule uwanja wa zamani wa wazungu kando ya ziwa, penye majumba ya mabwana. Uwanja wote uko mikononi mwake, nyasi na mashimo. Tunakaa gofuni, juu kidogo, na ziwa tunaliona lote mpaka milima ya Kongo. Kuta ni za mawe, nene. Upepo unaingia kila upande. Nikilala chali naona anga. Mlangoni kuna maji, na asubuhi ndege wanakuja kunywa. Jirani wa kunipigia kelele hakuna.

Mvua ikianza nakumbuka mabati ya mama.

Nimesikia Aliya amechumbiwa. Nimesikia kwa Hamidou, dada. Mtoto niliyembeba mgongoni mpaka akaanza kutembea, habari za posa yake nimezipata kwa mtu wa mawese. Mpe salamu zangu, mwambie mama mdogo bado yuko hai.

Mdogo wako,
Esha

Rumonge, mtaa wa Waswahili
20 Februari 2024

Esha,

Waaleikum salaam. Barua nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa.

Kumbe unakaa Golf. Wengine wakihama wanahamia chumba na sebule, wewe umehamia Golf. Mimi ile sehemu naijua kwa nje tu. Kila nikienda Bujumbura kununua dawa za sabuni tunapita barabarani, naona ule ukuta mrefu, maua mekundu yamelala juu yake, na lango lenye kibao: Quartier Golf, mtaa wa Golf. Safari moja lango lilikuwa wazi. Nikaona mama mmoja kavaa suruali nyeupe anatembeza mbwa juu ya majani yaliyonyolewa kama kichwa cha mtoto. Nikajiuliza, wale ni watu wa aina gani? Kumbe ni aina ya Esha binti Mzee Ramadhani, aliyekuwa analia akitumwa kuteka maji.

Uwanja wote mikononi mwa Ayubu. Alhamdulillah. Dirisha kwenye dari, umelala chali unaangalia anga, mambo ya televisheni hayo. Na pisini mlangoni, bwawa zima la kuogelea. Pisini, Esha! Unaiita "maji" ili nisijisikie vibaya, nakujua. Mimi hapa napika sabuni ya mawese tangu asubuhi, mikono imechubuka, nikinawa uso macho yanawasha. Sikuonei wivu. Nasema tu.

Sasa sikiliza. Posa ni kweli. Kijana anaitwa Nour, baba yake ni Abdoulkarim mwenye maduka ya vitambaa, hapa na Bujumbura. Mama yake alipokuja kwetu aliangalia kuta, akaangalia dari, akaangalia ule ufa wa juu ya mlango, halafu akasema, "Nyumba ya wazee hii, eh?" Kwa sauti tamu kabisa. Chai yangu aliinywa nusu.

Ninaomba Aliya atolewe kwako. Ndoa ni mfungo mosi, Ramadhani ikiisha. Bibi harusi kutolewa kwa mama mdogo si jambo geni kwetu, na nyumba yako ina nafasi. Sijawahi kukuomba kitu tangu uzaliwe. Hili nakuomba.

WhatsApp bado nimekufunga. Sauti yako ikinifika sikioni nitalia au nitatukana. Karatasi inavumilia.

Dada yako,
Salima

gofuni, Muhuta
3 Machi 2024

Dada Salima,

Nilipofika kwenye neno pisini nilicheka. Ayubu akaniuliza nacheka nini, nikamsomea, akacheka naye.

Dada, hapa hapafai harusi. Nyumba si yetu, ni ya wenyewe, na kila kitu ni kwa ruhusa ya msimamizi, bwana Léonard, mtu asiyependa hata kuku wapite kwenye nyasi zake. Tena ziwa limepanda. Mashimo ya chini yamemezwa, yale yenye vijibendera, bendera moja imebaki inachungulia katikati ya maji. Wenye majumba ya ufukweni wameanza kutoa makochi yao. Watu wa Rumonge mnajua mambo ya ziwa hili, huko bandarini najua hali si nzuri.

Aliya ana kwao. Mama alikuachia nyumba yenye vyumba, ua na mabati yasiyovuja. Alikuachia wewe, hakutuachia sisi wawili. Mtoe hapo. Ule ufa wa juu ya mlango Ayubu anaweza kuja kuuziba kwa siku moja.

Nitakuja mapema nisaidie kupika.

Esha

Rumonge
18 Machi 2024, Ramadhani

Esha,

Nimefunga, kwa hiyo sitakutukana. Nitakusimulia tu, na wewe utajitukana mwenyewe.

Unaniambia nyumba ni ya wenyewe. Wenyewe ni nani? Mama hakukusimulia kwa sababu ulikuwa mdogo. Basi nisikilize mimi.

Pale mnapochezea mipira palikuwa mji. Mji wa watu wetu, waliotoka Ujiji na ng'ambo ya Kongo, wavuvi na mafundi, wenye msikiti wao wa udongo. Baba yake bibi, Asmani, alikuwa fundi mawe, na ndiye peke yake aliyejenga kwa mawe, juu kidogo, watu wakimcheka kwamba anajijengea kaburi. Wazungu wakaja wakasema pana malale, watu wote wahame ufukweni. Wakahama. Mji ukaliwa na majani, nyumba ya Asmani ikabaki bila paa, na wavuvi wakaanza kuitumia kama alama: vuta wavu ukiwa mkabala na gofu, tukutane gofuni. Baadaye wazungu wa kiwanda cha mawese wakaja palepale na fimbo zao na vimipira. Malale gani yale yanayowajua wenye fimbo na kuwapita? Wakauliza, hapa panaitwaje? Wakaambiwa, Gofu. Bibi Mariyamu alisema walicheka mpaka kofia zikaanguka, maana mchezo wao nao jina ni hilohilo. Leo watu wa kile kibao wanadhani jina limetoka kwenye mchezo. Mchezo ulikuta jina, Esha.

Na bibi ndiye bibi harusi wa mwisho kutoka kwenye nyumba ile. Mlangoni palikuwa na jiwe bapa lenye shimo, walilokuwa wakitwangia chikichi. Siku ya harusi shimo linajazwa mawese mapya, bibi harusi anachovya kidole gumba cha mguu wa kulia, anakanyaga jiwe, anatoka. Mama yetu alikanyaga sementi. Mpaka anakufa alikuwa akikumbuka analia, anasema ndiyo maana ndoa yake ilimpa taabu. Mimi nimekanyaga sementi, na wewe pia.

Sasa ukiniambia "nyumba si yetu", mimi nacheka. Wewe ndiye mtu wa kwanza wa ukoo wetu kurudi kulala pale, umelala kwenye kitanda cha mabwana, halafu mtoto wa dada yako hana nafasi hata ya siku moja. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Nimeshawaambia wakwe: Aliya atatolewa Gofu. Nimesema mbele ya watu, kwenye futari, Mama Nour akaacha kutafuna akaniangalia. Jicho lile nilikuwa nalingojea. Maneno yameshatoka, hayarudi mdomoni. Wakija wakakuta umefunga lango, wataniita mwongo, na Aliya atabaki na mimi hapa kwenye mapipa ya sabuni. Mtoto anampenda yule kijana. Anajifanya hajali, lakini nikitaja jina lake anamwaga maji nje ya kikombe.

Fanya utakavyo. Lakini ujue unamfanyia nani.

Salima

gofuni, Muhuta
24 Machi 2024

Salima,

Leo sikuiti dada.

Uliahidi nyumba ambayo hujaiona, kwa watu ambao hujawajua, kwa jina langu. Hukuniuliza nimekula nini.

Unasema hunionei wivu. Basi mimi nakuonea, na nalisema. Nakuonea wivu kwa kila bati la ile nyumba. Nakuonea wivu kwa mlango unaofungwa na kwa jiko lenye ukuta. Nakuonea wivu kwa sababu mama alikuwa akikuita jioni akusimulie, mimi natumwa maji, nikirudi hadithi imekwisha, mnacheka, nikiuliza mnacheka nini mnasema "mambo ya wakubwa". Siku ya kugawana vitu vyake ulinipa sinia la shaba na kanga mbili, ukasema nyumba ni ya mkubwa kwa sababu ndiye aliyemuuguza. Ni kweli ulimuuguza. Mimi nilikuwa mbali, na umbali ule nauona mpaka leo. Lakini hukuniambia hata neno moja, kwamba Esha, chumba cha nyuma ni chako siku ukikwama.

Usiwalete watu hapa. Nakuomba kama ulivyoniomba.

Hilo jiwe la bibi, shimo lake lilikuwa na ukubwa gani? Nauliza tu.

Esha

Rumonge
14 Aprili 2024

Esha,

Idi imepita bila salamu yako. Shimo la ngumi mbili, alisema mama, na upande mmoja jiwe limemeguka kama mkate ulioumwa. Umeuliza, nimejibu. Sasa nijibu mimi.

Umewaambia nini?

Abdoulkarim na mkewe walikuwa wakirudi kutoka Bujumbura siku ya pili ya Idi, kumbe wakaona wapite kwako. Sikuwatuma, naapa. Nilisikia juzi, Mama Nour alipokuja kwangu na kijungu cha pilau. Nikamwuliza, mmefikaje? Akasema, "Tulifika Gofu." Nikangoja aendelee. Nikasema, mmeiona nyumba? Akasema, "Tumeiona. Mudogo yako iko mutu muzuri sana." Akashika mkono wangu huu wa sabuni, akaushika muda mrefu, akaondoka.

Chai yangu aliimaliza yote.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Mtu aliyekuwa ananidharau sasa ananionea huruma, na kati ya hayo mawili bora dharau. Ulimwambia dada yako ni fundi wa sabuni asiye na haya, anayeomba nyumba za watu? Au ulimwonyesha vyombo vyako mpaka akasahau aliyempa binti ni nani? Watu wa mtaa wanasema Mama Nour anakusifu kila anapokaa. Esha hivi, Esha vile, mkarimu, mkweli. Mkweli! Mimi nimewalisha mara nne sijasifiwa chumvi. Wamekuja kwako mara moja tu na umewachukua wote.

Kikulacho ki nguoni mwako. Sikuwahi kudhani nguo hiyo ni kanga ya mama.

Harusi bado ipo, sijui kwa nini. Hakuna aliyeniambia itatokea nyumba gani.

Salima

gofuni, Muhuta
21 Aprili 2024

Dada yangu Salima,

Kaa kwanza.

Sikai Golf. Nakaa gofuni. Angalia barua zangu zote, juu kabisa, nimeandika kwa herufi ndogo. Wewe ulisoma kwa herufi kubwa.

Ayubu anakata nyasi. Uwanja wote uko mikononi mwake, ni kweli, pamoja na panga. Wafanyakazi tulipewa vibanda karibu na maji, ziwa lilipopanda vikaondoka, nasi tukapanda huku juu kwenye kuta za mawe zilizobaki. Tumetandika turubai upande mmoja. Upande wa pili naona anga. Upepo unaingia kila upande kwa sababu pande hazina kitu. Kila nilichokuandikia ni kweli, na nilikiandika hivyo ili usijue. Nilitaka barua moja tu usome ukiwa umekaa. Halafu ulipokasirika, ukaanza kunihusudu, dada, niliona raha. Maisha yangu yote mimi ndiye niliyekuwa nikikuangalia wewe. Nikasema acha aniangalie kidogo. Ulipoanza kutaja harusi ndipo raha ikageuka, na sikujua pa kutokea.

Wakwe walipofika langoni, walimwuliza Meshaki mlinzi, yuko wapi Madame Esha? Meshaki akawaambia, "Madame ya vile hapa hakuna. Iko Esha moja, bibi ya Ayubu wa majani, anakaa kule mu gofu." Wakadhani anawatania. Walipanda kwa miguu, Mama Nour na viatu vyake vya Idi, wakanikuta nimechuchumaa napaa mukeke, samaki wa ziwani.

Abdoulkarim alisimama akaangalia turubai. Akasema, "Tulidanganywa. Kama nyumba iko ya uongo, na binti iko ya namna gani?" Hapo niliona posa ya Aliya inashuka kilima na viatu vyake.

Nikamwambia, mkwe, dada yangu hakudanganya. Aliyedanganya ni mimi. Yeye aliamini barua yangu kwa sababu ananitakia mema kuliko ninavyostahili. Nilionea aibu umaskini wangu mbele ya dada mkubwa, nikauvika nguo. Msimhukumu mtoto kwa mdomo wa mama yake mdogo.

Mama Nour akatafuta pa kukaa, hapakuwa na kiti, akakaa mlangoni kwenye jiwe. Akaniuliza, "Samaki inaiva saa ngapi?" Wakala. Alipokuwa akinawa mkono kwenye shimo la jiwe, pale wanapokunywa kuku wangu, ndiyo, kuku, niliandika ndege, akasema kwa mumewe, "Na mimi nilimwambia mama yako baba yangu iko na piki-piki, kumbe hata baiskeli hana." Mzee akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema ndoa ipo, na itokee popote penye paa.

Sasa jiwe. Ulipoandika habari zake nilikuwa nimekaa juu yake, nasoma. Nikainuka kama niliyekalia moto. Barua yako ya mwisho ilipofika niliingiza ngumi zangu mbili, zikaenea. Nimepapasa ukingo, umemeguka upande wa ziwa. Ni nyumba ya Asmani, dada. Miezi yote hii nimekuwa nikinywesha kuku kwenye jiwe la bibi, na mtu wa kuniambia alikuwa wewe, na uliniambia ili kunikomoa.

Jingine ni baya. Bwana Léonard ameamuru mawe yote ya gofu yashushwe kujenga ukuta wa kuzuia maji, ili mashimo yaliyobaki yasimezwe. Ayubu ndiye atakayebomoa. Wanaanza wiki ijayo, na sisi hatuna pa kwenda. Ayubu aliomba jiwe moja, la mlangoni. Bwana Léonard akasema chukueni, jiwe moja halizuii ziwa.

Sasa unajua yote. Kama utanicheka, nicheke kwa karatasi.

Esha

Rumonge
28 Aprili 2024

Esha, mdogo wangu,

Nimezitoa barua zako zote nikazipanga kitandani. Gofuni, gofuni, gofuni. Herufi ndogo kila mahali, hata mtoto wa chekechea angeona. Mimi nilijivunia kukusimulia maana ya gofu kutoka kwa Asmani mpaka kofia za wazungu, na sikuona gofu lililoandikwa juu ya karatasi niliyoishika. Wivu una macho makubwa, lakini hauoni karibu.

Nimelia, halafu nimekasirika, halafu nikamwita Aliya nikamsomea. Akasema, "Mama, kwa hiyo mama mdogo alitulinda?" Nikamwambia aende akachote maji.

Umesema mbele ya wakwe kwamba mimi nakutakia mema. Esha, nilikuwa nakutakia ufa juu ya mlango. Nilikuwa nikipika sabuni nakuombea pisini yako iingie vyura. Usiniweke juu ambapo sijafika.

Chumba cha nyuma nimekitoa mapipa. Nimesugua sakafu kwa sabuni yangu mwenyewe, bado inanuka kidogo, fungueni dirisha. Si chumba cha siku mkikwama. Ni chako, kama nilivyopaswa kusema siku ile mbele ya sinia la shaba. Shafii amempigia simu mtu mmoja pale sokoni mwenye kazi ya kutengeneza injini za mashua, anamngoja Ayubu. Ndoa ni Jumamosi hii. Hamidou anapita kwenu Alhamisi na lori tupu, nimeshamwambia. Pandeni, leteni kuku, turubai liacheni.

Na leteni jiwe. Lifungeni kwa kanga za mama, lisimeguke upande wa pili. Shafii ameshavunja sementi ya mlango wa mbele na kuchimba mahali pake. Mawese nimekamua mapya, nimeyachuja mara tatu. Niliwaambia watu kwenye futari kwamba Aliya atatolewa Gofu, na sitakuwa mwongo katika mji huu. Kama yeye hawezi kwenda Gofu, Gofu litakuja Rumonge.

WhatsApp nimekufungua. Usinipigie, nitakuona Alhamisi.

Jambo moja tu. Jiwe likishalazwa, asilikanyage mtu kabla yangu. Wala Aliya. Mimi ndiye mkubwa, nitachovya kidole nitoke, halafu wewe, halafu bibi harusi. Najua wewe umelikanyaga kila siku tangu Februari, ukitoka, ukiingia, na sufuria mkononi, bila hata kujua. Nimesamehe yote mengine. Hilo ndilo bado linaniuma.

Dada yako,
Salima